Ushauri Rika Vyuoni: Mwanafunzi Anapomsaidia Mwenzake Kujenga Mtindo Bora wa Maisha

Kila mwaka wa masomo unapoanza, maelfu ya vijana huripoti katika vyuo vikuu na vyuo vya kati nchini wakiwa na barua za udahili, mabegi yao na matumaini ya familia zao. Kwa wengi wao, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuamua wenyewe watakula nini, watalala saa ngapi, watatumiaje fedha na jioni zao watazipitisha na nani. Hakuna tena kengele ya bweni inayowaamsha alfajiri, wala mzazi anayeuliza kwa nini mboga zimebaki kwenye sahani.

Uhuru huo ni sehemu ya elimu yenyewe, kwa kuwa chuo humwandaa kijana kujitegemea. Hata hivyo, tabia zinazoanza katika kipindi hicho mara nyingi huendelea baada ya mahafali. Mwanafunzi anayezoea kula mlo mmoja kwa siku, kukesha na simu au kutumia pombe kila mwisho wa wiki huondoka chuoni na shahada pamoja na mazoea hayo.

Athari zake hujitokeza katika takwimu za afya za watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulibaini kuwa takribani mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu na takribani asilimia 9 walikuwa na kisukari. Aidha, asilimia 97 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Umri wa miaka 25, ambao utafiti huo ulianzia, ndio umri ambao wahitimu wengi wanaingia katika ajira na kuanzisha familia. Kwa sababu hiyo, Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, uliozinduliwa jijini Dodoma mwezi Novemba 2019, hauwezi kufikia malengo yake kwa kutegemea hospitali pekee. Kinga inapaswa kuanza mapema, na chuo ni miongoni mwa mahali pa mwisho ambapo vijana wengi hupatikana wakiwa pamoja.

Swali linalobaki ni nani atakayezungumza na kijana huyo akasikilizwa. Miongoni mwa majibu yaliyothibitika kuwa na manufaa, yakisimamiwa vizuri, ni ushauri rika.

Ushauri rika ni nini

Ushauri rika ni utaratibu ambao mwanafunzi aliyechaguliwa na kupewa mafunzo humsaidia mwanafunzi mwenzake kubadili tabia inayohusu afya yake, hatua kwa hatua, kwa muda uliopangwa. Mara nyingi mshauri rika huwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, na hupangiwa mwanafunzi mmoja au kikundi kidogo cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ni vyema kumtofautisha na wengine wanaotoa huduma chuoni. Mshauri wa Wanafunzi ni kiongozi wa chuo mwenye dhamana ya ustawi wa wanafunzi wote. Mnasihi ni mtaalamu aliyesomea unasihi au saikolojia. Mwelimishaji rika hutoa elimu kwa kundi, kwa mfano katika mkutano au tamasha. Mshauri rika, kwa upande wake, hufuatana na mtu. Hukutana naye kwa ratiba, hujua alichoahidi wiki iliyopita na humuuliza kimefikia wapi.

Tofauti kati ya kuelimisha na kufuatana na mtu si ndogo, na Tanzania ina uzoefu wake katika jambo hilo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, vijana wengi wametumika kuwaelimisha wenzao kuhusu kinga. Mmojawapo wa miradi iliyochunguzwa kwa kina ni MEMA kwa Vijana wa mkoani Mwanza, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ukihusisha jamii 20. Mradi huo uliunganisha masomo ya afya ya uzazi katika shule za msingi, wanafunzi waliosaidia kuwafundisha wenzao, na huduma rafiki kwa vijana katika vituo vya afya.

Matokeo yake yaliwapa wataalamu somo kubwa. Ufahamu wa vijana uliongezeka na mitazamo waliyoieleza ilibadilika, lakini vipimo vya maabara havikuonesha kupungua kwa maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Kujua jambo na kulitenda ni mambo mawili tofauti. Kijana anaweza kutaja madhara yote ya sigara huku akiwa ameishika mkononi. Kwa hiyo programu inayolenga kubadili mtindo wa maisha haina budi kuvuka hatua ya kutoa taarifa na kuingia katika hatua ya kumsaidia mtu kutenda.

Kwa nini mwanafunzi humsikiliza mwenzake

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kuwa mtu hujaribu jambo gumu pale anapoamini kwamba analiweza, na kwamba imani hiyo hukua anapomwona mtu aliye katika hali kama yake akifanikiwa. Daktari anaposhauri kula matunda kila siku, mwanafunzi anaweza kukubali kwa heshima na kuondoka akijiambia kuwa daktari ana mshahara. Maneno hayo hayo yakitoka kwa mwanafunzi anayelala bweni lile lile, anayenunua chakula kwa mama lishe yule yule na anayesubiri fedha za mkopo siku ile ile, kisingizio hicho hakipo tena.

Tabia pia husambaa kupitia mahusiano. Mwaka 2007, watafiti Nicholas Christakis na James Fowler wa nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za watu 12,067 waliofuatiliwa kwa miaka 32 katika utafiti wa Framingham. Walibaini kuwa mtu ambaye rafiki yake alipata unene uliokithiri alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 57, wa kupata hali hiyo naye. Wataalamu wa takwimu wameendelea kujadili kiasi gani cha uhusiano huo kinasababishwa na urafiki wenyewe, kwani watu wanaofanana pia huwa marafiki. Hata hivyo, jambo la msingi linafahamika kwa kila aliyewahi kuishi bwenini: wanaokaa chumba kimoja huanza kula, kulala na kutumia fedha kwa namna inayofanana. Ushauri rika huitumia nguvu hiyo kwa manufaa badala ya kuiacha ifanye kazi yenyewe.

Fedha, chakula na usingizi

Mabadiliko ya mtindo wa maisha chuoni huanzia kwenye mfuko. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, kiwango cha fedha za chakula na malazi kwa wanufaika wa mikopo ya elimu ya juu kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Fedha hizo, ambazo wanafunzi huziita bumu, hutolewa kwa mkupuo. Mwanafunzi anayepata kiwango kamili akipokea fedha za siku 60 hushika shilingi 600,000 kwa wakati mmoja, na huenda hajawahi kupanga matumizi ya kiasi hicho maishani mwake.

Hapo ndipo hujitokeza hali inayojulikana na wengi. Wiki za kwanza huwa za chipsi mayai, kuku na soda. Wiki za mwisho huwa za chai kavu na maandazi, au mlo mmoja unaoliwa jioni. Mwili hupitia shibe iliyozidi na njaa katika robo ile ile ya mwaka, na mara nyingi njaa hiyo hufika karibu na mitihani. Mshauri rika aliyepita katika hali hiyo haanzi kwa kufundisha lishe. Huanza na karatasi na kalamu: kutenga kodi ya chumba, kugawa kiasi cha chakula kwa wiki, na kuhifadhi fedha za wiki za mwisho mahali ambapo haitakuwa rahisi kuzichukua.

Baada ya hapo, mazungumzo ya chakula huwa mepesi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, chumvi isiyozidi gramu 5, ambayo ni takribani kijiko kimoja cha chai, na sukari ya kuongezwa isiyozidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, kiwango hicho cha sukari ni gramu 50. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kubeba zaidi ya gramu 35.

Mshauri rika huzitafsiri namba hizo katika lugha ya mahali wanafunzi wanapokula. Sahani ya ugali kwa dagaa na mchicha, au wali kwa maharage na matembele, mara nyingi haizidi bei ya chipsi mayai na soda, nayo ina nyuzilishe na madini zaidi. Ndizi mbivu moja inaweza kuwa tunda la siku. Wanafunzi wanne wanaopika pamoja hununua mchele, maharage na mafuta kwa bei nafuu kuliko anayenunua peke yake. Ushauri wa aina hii hautolewi kutoka vitabuni pekee. Unahitaji mtu anayejua nani anauza nini, wapi na kwa bei gani.

Kwa upande wa mazoezi, mtu mzima hushauriwa kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Mwanafunzi anayetembea kwa mwendo wa haraka kwenda darasani badala ya kupanda bodaboda anaweza kutimiza sehemu kubwa ya kiwango hicho bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Kazi ya mshauri rika ni kutembea pamoja naye katika wiki za mwanzo, kwa kuwa ni vigumu zaidi kubaki kitandani pale mwenzako anapokusubiri mlangoni.

Usingizi nao hupuuzwa mara kwa mara. Wataalamu hupendekeza angalau saa 7 za usingizi kwa usiku mmoja kwa mtu mzima. Wanafunzi wengi huona kukesha kuwa ni bidii, na baadhi hutumia vinywaji vya kuongeza nguvu ili kusoma hadi alfajiri. Ubongo, hata hivyo, huimarisha kumbukumbu ya mambo yaliyosomwa wakati mtu amelala. Anayekesha hujinyima sehemu ya faida ya kusoma kwake.

Pombe na sigara zinahitaji busara zaidi. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, hatua iliyoondoa sokoni kilevi kilichokuwa rahisi kununua na kuficha. Sheria, hata hivyo, haiketi mezani pamoja na kijana anaposhawishiwa na marafiki zake. Mshauri rika anaweza kuketi. Anaweza kumsaidia mwenzake kuandaa jibu kabla ya sherehe, kumtafutia kundi lingine la kupitisha nalo jioni, au kuwa tu mtu wa pili mezani aliyeagiza maji.

Namna ya kuzungumza

Kosa linalofanywa na wengi wenye nia njema ni kuhubiri. Watafiti James Prochaska na Carlo DiClemente, waliochunguza watu walioacha sigara, walionesha kuwa mabadiliko hupitia hatua: mtu huanza akiwa hajafikiria kubadilika, kisha hutafakari, hujiandaa, hutenda na hatimaye hudumisha. Wengi huteleza na kurudi nyuma kabla ya kufanikiwa. Anayempa ratiba ya mazoezi mtu ambaye bado hajaona tatizo hupoteza muda, na huenda akapoteza urafiki pia.

Kwa sababu hiyo, mshauri rika hufundishwa kuuliza kabla ya kushauri. Kumwambia mwenzake, “Acha simu, utafeli,” hufunga mazungumzo. Kumuuliza, “Jana ulilala saa ngapi, na kilichokuchelewesha ni nini?” humfanya ajisikie jinsi anavyojibu. Swali linalofuata linaweza kuwa, “Kama ungebadilisha jambo moja tu wiki hii, ungeanza na lipi?” Jibu likitoka kinywani mwa mwanafunzi mwenyewe, hata likiwa dogo kama kuweka simu mbali na kitanda, lina nafasi kubwa ya kutekelezwa kuliko agizo.

Udogo wa hatua una sababu yake. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliofuatilia washiriki 96 waliojaribu kujenga tabia mpya ya kila siku, ulibaini kuwa ilichukua wastani wa siku 66 kwa tabia kuwa mazoea, ingawa kwa watu mbalimbali muda ulitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Ulionesha pia kuwa kukosa siku moja hakukuharibu safari nzima. Siku 66 ni zaidi kidogo ya wiki tisa, muda unaoingia ndani ya muhula mmoja. Mshauri rika anayekutana na mwenzake kila wiki kwa muhula mzima anaweza kumfikisha pale ambapo tabia njema inaanza kujiendesha. Semina ya siku moja ya wiki ya utambulisho haiwezi.

Mipaka isiyovukwa

Mshauri rika si daktari, si mnasihi na si mlinzi wa maadili. Hapimi ugonjwa, hatoi dawa, hapendekezi vidonge vya kupunguza uzito na hamlazimishi mtu. Mipaka hiyo huwalinda wote wawili.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni siri. Bila siri hakuna atakayefungua moyo, kwani habari za bwenini husafiri kwa kasi. Hata hivyo, siri ina ukomo, na ukomo huo unapaswa kuelezwa siku ya kwanza na si siku ya hatari. Iwapo mwanafunzi anazungumzia kujidhuru, amefanyiwa ukatili wa kijinsia, au maisha yake au ya mwingine yako hatarini, mshauri rika hana budi kumfikisha kwa mnasihi, zahanati ya chuo, Dawati la Jinsia au Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani kwa vijana wa miaka 15 hadi 29. Katika hali kama hiyo, kumsindikiza mwenzako hadi mlangoni kwa mtaalamu hakuvunji uaminifu. Ni njia ya kuokoa maisha.

Vilevile, mshauri rika ni mwanafunzi mwenye mitihani yake, madeni yake na siku zake ngumu. Anayebebeshwa watu wengi kupita uwezo wake atachoka, na aliyechoka hasikilizi. Anahitaji msimamizi wa kukutana naye mara kwa mara, na ruhusa ya kusema kuwa jambo fulani limemzidi.

Wajibu wa vyuo na jamii

Mafanikio ya utaratibu huu hutegemea maandalizi. Kwanza ni uteuzi. Anayefaa si lazima awe kiongozi wa wanafunzi au mwenye alama za juu zaidi; ni yule ambaye wenzake tayari humwendea wanapopata shida. Wapatikane wa kike na wa kiume, wanaoishi ndani ya chuo na waliopanga mitaani, pamoja na wanafunzi wenye ulemavu. Aliyewahi kuacha sigara au kupunguza uzito kwa njia salama ana ushuhuda ambao hakuna bango linaloweza kuutoa.

Pili ni mafunzo, yanayojumuisha kusikiliza, hatua za mabadiliko, misingi ya lishe na mazoezi, utunzaji wa siri na utoaji wa rufaa, yakiendeshwa na wataalamu wa afya na unasihi. Tatu ni ufuatiliaji. Chuo kinapaswa kujua wanafunzi wangapi walianza, wangapi walimaliza muhula na nini kilibadilika, bila kutaja jina la mtu.

Nne, na pengine gumu zaidi, ni mazingira. Haitoshi kumshauri mwanafunzi kula matunda ikiwa eneo la chakula chuoni halina tunda hata moja, wala kumhimiza atembee jioni katika njia isiyo na taa. Mshauri rika hawezi kuwa mbadala wa maji safi ya kunywa, viwanja vya michezo na zahanati yenye mhudumu. Kinyume chake, kwa kuwa yuko karibu na wanafunzi, yeye ndiye anayeweza kuueleza uongozi wa chuo vikwazo halisi, na uongozi unapaswa kumsikia.

Wazazi na walezi nao wana nafasi. Simu ya mwisho wa wiki inayouliza kuhusu matokeo pekee humfundisha kijana kuwa afya yake si habari. Kumuuliza amekula nini na analala vipi, bila kumhukumu, hurahisisha kazi iliyoanzwa na mwenzake chuoni.

Kwa mwanafunzi anayetafakari kubadilika, hatua ya kwanza haihitaji fedha wala ruhusa. Achague jambo moja, amwambie mwenzake mmoja anayemwamini, na wapange siku ya kukutana tena kulizungumza. Pale chuo chake chenye utaratibu wa ushauri rika, aulize katika Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi namna ya kujiunga. Pale ambapo utaratibu huo haujaanza, wanafunzi wenyewe kupitia serikali yao wanaweza kuwasilisha ombi, kwa kuwa vingi vya vitu vinavyohitajika, yaani vijana wenye moyo, wataalamu wa kuwafundisha na chumba cha kukutania, tayari vimo ndani ya chuo.